Dawa Bure, Nauli Je?

Bajeti ya 2025/26 mliisikia, wasikilizaji, na tozo mlizisikia: kwenye mafuta, kwenye bia, kwenye tiketi za treni na ndege, hata kwenye madini. Mwigulu Nchemba, wakati huo Waziri wa Fedha, alisema bungeni Juni 2025 kwamba asilimia 70 ya tozo hizo itaingia Mfuko wa Udhamini wa Kudhibiti UKIMWI, na 30 iende kwenye bima ya afya kwa wote. Wengi walihesabu bia itapanda shilingi ngapi. Kituo hiki kinahesabu nauli.

Dawa za kufubaza VVU zinatolewa bure nchini tangu 2004. Nauli haijawahi kuwa bure.

Anayeishi Maskati, au Kinda, huko juu Milima ya Nguru, wilayani Mvomero, anashuka kuja kliniki ya tiba na matunzo ya VVU (CTC) huku bondeni kwa bodaboda au kwa miguu. Lami imefika Turiani, haijapanda mlimani. Masika njia ni utelezi mtupu, na tarehe iliyoandikwa kwenye kadi haingoji mvua ikatike. Mwenye hali nzuri siku hizi hupewa dawa za miezi 3, hata 6, na kwa hilo tunashukuru. Lakini mama mjamzito, mtoto mchanga, aliyeanza dawa juzi, aliyepimwa wingi wa virusi ukakutwa umepanda, hao ndio wanaotakiwa kurudi mara kwa mara. Mmoja wao mwezi wa kwanza atauza debe la mahindi apate nauli. Wa pili atauza kuku. Wa tatu haonekani, na daftarini anaandikwa mtoro. Huyo si mtoro. Hana nauli.

Zamani alikuwapo wa kumfuata. Mara nyingi ni mwenzake anayeishi na VVU, anayeijua nyumba bila kuuliza njia na asiyemtangaza mtu. Posho za wahudumu wa namna hiyo, sehemu nyingi za nchi hii, zilitoka kwenye miradi ya Marekani. Januari 20, 2025, Rais Donald Trump akasimamisha misaada kwa siku 90, na miradi ikaambiwa iache kazi. Hofu yetu ni kwamba fedha za tozo zitanunua vidonge, vidonge vijae stoo, na wa kumfuata mgonjwa asilipwe na mtu.

Kuna na msimu wa miwa. Vijana wanakuja kukata miwa Mtibwa kutoka mikoa mingine, kliniki zao zimebaki makwao. Wapokelewe, wapewe dawa, wasirudishwe kufuata barua ya uhamisho. Ni nauli tena hiyo!

Anayemeza dawa kila siku hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Akikatisha, virusi vinarudi, na vinaweza kuwa sugu. Kwa hiyo nauli anayoikosa mtu wa Maskati inamhusu mwenza wake, inamhusu mtoto atakayezaliwa, inatuhusu sisi huku bondeni Madizini.

Halmashauri ya Mvomero, pandisheni huduma ya mkoba milimani, kwa tarehe isiyobadilika. Ichanganyeni na chanjo za watoto na vipimo vya presha, ili anayekuja asijulikane kaja kwa lipi. Walipeni wahudumu wa jamii kwa fedha zetu wenyewe. Ndugu zangu, wakati wa kupiga kura ukija, wagombea watapanda Maskati. Gari linaloweza kupanda kuomba kura linaweza kupanda na dawa! Waulizeni. Waulizeni kwenye mkutano wa kijiji, waulizeni barabarani, msichoke kuuliza.

Na wewe uliyekatisha dawa kwa kukosa nauli, rudi. Usiogope kugombwa, usione aibu ya miezi iliyopita. Mwambie jirani unayemwamini akusaidie kushuka. Utapimwa na kuanzishiwa dawa tena. Rudi wiki hii.