Njia ya Miguu Haichorwi Mezani

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani waliokutana Mikindani, jioni ya kuamkia matembezi ya pamoja)



Katibu aliponiandikia barua alitaka nizungumzie faida za kutembea kwa afya ya mwili. Nimemwomba anisamehe. Habari za kisukari na shinikizo la damu mmekwisha kuzisikia hospitalini, na kwa jinsi tulivyojaa katika viti hivi leo hatuhitaji daktari wa kutueleza. Mimi ni mtu wa ardhi. Kwa hiyo nitazungumza juu ya njia tutakazopita kesho, na juu ya kosa moja nililolifanya mimi mwenyewe, ambalo baadhi yenu mnalijua nusu nusu.

Wengi wetu tulijifunza kutembea shuleni bila kupenda. Palikuwa na mchakamchaka wa alfajiri, palikuwa na kuni za jikoni, na Jumamosi palikuwa na mwalimu wetu wa jiografia. Mtakumbuka desturi yake ya kutusimamisha juu ya kilima na kuuliza: "Mvua ikinyesha hapa tuliposimama, maji yataelekea wapi?" Asiyejua alishuka mpaka bondeni akatazame, kisha akapanda tena kuja kujibu. Mimi nilishuka mara nyingi. Nilipofika Chuo Kikuu nikafundishwa kupima ardhi kwa mitambo, nikadhani kwamba siku za kushuka bondeni zimekwisha.

Kundi letu la matembezi lilianza mwaka 2011. Tulikuwa watu 7, wote wa darasa moja, na sababu yake haikuwa kubwa: tulikuwa tumechoka kukutana misibani tu. Tukakubaliana Jumapili moja kila mwezi, tukutane Mikindani chini ya Boma, tutembee mpaka jua likali, kisha tule pamoja. Mwanzoni watu walitushangaa. Mtu akienda shamba anaeleweka, na akienda kuzika anaeleweka, lakini watu wazima wenye kazi zao, wanaotembea porini kisha wakarudi mikono mitupu, walileta maswali. Nayo ilikuwa miaka ya gesi. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, lakini ni wakati ule ndipo kila mtu alipoanza kuitafuta ardhi ya Mtwara, na bomba la kwenda Dar es Salaam lilikuwa likizungumzwa kila kijiwe mpaka lilipozinduliwa mwaka 2015. Kundi la wageni wenye kofia lilipoonekana kwenye mikorosho, wenyeji walidhani tumekuja kununua au kunyang'anya. Hawakuwa na kosa kudhani hivyo.

Ndugu zangu, nchi hii si ngeni kwa safari za miguu za pamoja. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, vijana walitembea kutoka sehemu mbalimbali kuliunga mkono, na Oktoba mwaka huo Mwalimu Nyerere mwenyewe alitembea kutoka Butiama mpaka Mwanza, zaidi ya kilomita 200. Zile zilikuwa safari za kuonyesha msimamo. Zetu ni ndogo, ni za kutazama tu. Lakini nimegundua kwamba kutazama nako kuna kazi yake.

Mji huu wa Mikindani ni shahidi. David Livingstone alifika katika ghuba hii mwezi Machi 1866. Alikuwa amejaribu kwanza mdomo wa Ruvuma, akakuta mikoko na makorongo yasiyofaa kuteremshia ngamia wake, ndipo akaja huku. Alipoanza safari ya bara aliwakodi Wamakonde wamkatie matawi, kwa sababu njia iliyokuwapo ilimtosha mtu lakini haikumtosha ngamia mwenye mzigo. Nawaomba mlitafakari hilo. Vitabu vilituambia kwamba yeye ndiye aliyefungua njia. Ukweli ni kwamba njia ilikuwapo, imekanyagwa na watu wenye mizigo kichwani, na yeye aliipanua kwa ajili ya ngamia. Wajerumani wakaja, wakajenga Boma hili mwaka 1895. Waingereza nao wakaja na mpango wao wa karanga wa mwaka 1947, wakajenga bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea. Karanga zikashindikana, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikang'olewa. Chuma kikaondoka na njia za miguu zikabaki. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao.

Sasa nije kwenye kosa langu.

Katika miaka ile ya gesi nilikuwa katika ofisi moja inayoshughulika na ardhi. Maombi ya viwanja yalikuwa mengi kuliko meza zetu. Nikapewa kazi ya kuandaa mchoro wa viwanja katika mtaa mmoja wa pembezoni, sehemu yenye mteremko, iliyojaa mikorosho na miembe. Nilichora kwa kutumia picha za angani. Kazi ilipendeza: barabara zimenyooka, viwanja vimelingana, na kila kona ina jiwe lake la mpaka. Eneo nililitembelea mara mbili, mara zote kwa gari, na gari lilifika pale lilipoweza kufika. Mchoro ukapita ngazi zote. Nikapongezwa.

Mkorosho, kama mjuavyo, hutanda matawi mpaka chini. Ukiutazama kutoka angani unaona kijani tu. Chini ya kijani kile palikuwa na njia 2 za miguu. Moja ilitoka juu ya kilima kwenda kisimani, ya pili ilikatiza kwenda shule ya msingi. Mimi sikuziona, kwa hiyo katika mchoro hazikuwapo. Kisichokuwapo katika mchoro, kisheria ni kiwanja cha mtu.

Zilipita kama miaka 2. Siku moja kundi letu, wakati huo tukiwa watu 15, tulikuwa tukishuka kilimani kwa njia aliyotuonyesha mzee mmoja wa huko. Ghafla tukafika kwenye ukuta wa matofali. Njia iliingia chini ya ukuta kama nyoka anavyoingia shimoni. Tukawa tumesimama pale tunashangaa, akaja bibi mmoja na ndoo yake tupu, akaanza kuuzunguka ukuta. Tukamwamkia. Mwenzetu mmoja akamwuliza kwa nini anapita mbali. Akasema ukuta umewekwa na mwenye kiwanja, na mwenye kiwanja ana karatasi kutoka serikalini. Kisima kilikuwa pale chini, tunakiona, lakini kwa kuzunguka ilikuwa karibu nusu saa, na kurudi ni kupanda na ndoo imejaa.

Nilinyamaza. Lakini mnawajua wanafunzi wa shule yetu. Mmoja akanionyesha kwa kidole, akasema kwa mzaha, "Bibi, mtu wa karatasi huyu hapa."

Bibi akanitazama kwa muda. Hakunitukana. Akaniuliza, "Mwanangu, ulipokuwa unachora, wewe ulipita wapi?"

Nikasema, "Nilikuja na gari, bibi."

Akasema, "Ahaa," akainama akachukua ndoo yake, akaendelea kuzunguka.

Ndugu Mwenyekiti, nimesoma hotuba nyingi za uwajibikaji na nimeandika baadhi yake. Hakuna iliyonikaa kama ile "ahaa".

Jumatatu iliyofuata nililitoa jalada. Nitasema kwa kifupi yaliyotokea, maana hayanipi sifa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatambua haki ya umma ya kupita, na kama ningeionyesha njia katika mchoro tangu mwanzo ingelindwa bila kumwudhi mtu. Kuirudisha baada ya hati kutolewa ilikuwa kazi nyingine kabisa. Njia ya shule tuliipata. Mwenye kiwanja alikuwa hajajenga, akakubali kusogeza mpaka wake hatua chache, na mtaa ukapanda mistari ya minyaa kuonyesha pa kupita. Njia ya kisima hatukuipata. Ukuta ulikuwa umekwisha simama, mwenyewe alikuwa na hati halali iliyotokana na mchoro wangu, na hakuwa amemwibia mtu. Mpaka leo ukuta upo. Kesho tutauzunguka, na tafadhali msiseme nimewachosha, maana wapo wanaouzunguka kila siku.

Tangu siku ile nikaanza kuuliza wenzetu wa nchi nyingine walifanyaje. Nimejifunza kwa Waingereza, ambao kutembea mashambani kwao ni kama mpira. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya watu, wengi wao vijana wafanyakazi kutoka Manchester na miji ya jirani, walipanda kwa pamoja mlima uitwao Kinder Scout, ambao matajiri walikuwa wameufunga kwa ajili ya kuwinda ndege. Vijana 5 wakafungwa jela. Mwaka 1935 vyama vya watembeaji viliungana kuwa chama kimoja cha taifa. Mwaka 1949 ikatungwa sheria iliyozitaka halmashauri zao zizichunguze njia zote za miguu na kuzichora katika ramani rasmi. Zilichunguzwa na nani? Katika sehemu nyingi ni watu wa kawaida, wakulima na watembeaji, waliozipita kwa miguu yao wakaandika walichokiona. Njia iliyoingia katika ramani ile haifungwi kwa matakwa ya mwenye shamba peke yake.

Hatuna haja ya kuiga kila kitu. Wao walipigania kupumzika siku ya Jumapili. Bibi yetu anapigania ndoo ya maji. Lakini kanuni ni moja: njia hulindwa na anayeipita, na hulindika zaidi ikiwa imeandikwa kabla ukuta haujaja.

Kwa hiyo kuhusu kesho nina maagizo machache.

La kwanza, tunaondoka saa 12 na nusu asubuhi. Atakayefika saa 2 atatukuta tunarudi. Kila mtu awe na maji yasiyopungua lita 2 na kofia.

La pili, tutahesabiwa tunapoondoka, kila tunapopumzika, na tunaporudi. Mwendo utakuwa wa yule aliye mzito kuliko wote, na nyuma kabisa atakuwapo mtu mmoja ambaye hapitwi na yeyote. Mwenda pole hajikwai, na wapo walimu wetu waliopita miaka 70.

La tatu, viongozi wa mitaa wamekwisha arifiwa. Hata hivyo tukikuta mtu shambani tunasimama, tunasalimu, tunasema tunatoka wapi na tunakwenda wapi. Korosho iliyoanguka chini ina mwenyewe. Mabibo vilevile, mpaka ukaribishwe. Tukikuta watu wanapuliza salfa kwa ajili ya ubwiriunga, tunapita upande unakotoka upepo. Atakayeuziwa ming'oko ya kuchemsha njiani asilie bei. Aliyeichimba ametembea kuliko sisi.

La nne ndilo nililokuja kuliomba hasa. Kesho kila kundi la watu 10 litakuwa na daftari moja. Mwandike kila njia ya miguu mnayoikuta: inatoka wapi, inakwenda wapi, nani anaitumia, na imezibwa wapi. Ulizeni jina lake, kwa sababu njia nyingi zina majina. Kazi hiyo haihitaji mtu aliyesomea upimaji. Inahitaji mtu anayetembea na anayeuliza. Daftari hizo tutazinakili, nakala moja tuipeleke ofisi ya mtaa na nyingine kwa wanaochora. Miongoni mwetu hapa wapo madiwani, mahakimu, walimu, wahandisi na wafanyabiashara wa viwanja. Nawaona. Hakuna ambaye daftari hizi hazimhusu.

Ndugu Mwenyekiti, baadhi ya vijana katika ofisi zetu sasa wana vyombo vinavyopima mpaka sentimita. Nawapenda na nawafundisha. Lakini kabla kijana hajafungua kompyuta namwuliza kama alivyotuuliza mwalimu wetu: mvua ikinyesha hapa, maji yataelekea wapi? Nikaongeza la kwangu: na anayekwenda kuyateka atapita wapi? Asipojua, namwambia ashuke bondeni. Gari linabaki ofisini.

Tulale mapema. Tukutane chini ya Boma saa 12 na nusu.