Ngao Iliyo Chini ya Injini



Tumezoea kulisifu gari kwa rangi yake na kwa mwendo wake. Leo tuiname, tulitazame upande wa chini.

Chini kabisa ya injini pana chombo mfano wa bakuli, ambacho mafundi hukiita sampu. Humo hukaa oili, yapata lita 4 au 5 kwa gari dogo. Pampu huivuta oili hiyo na kuipandisha kwenye vyuma vinavyozunguka, ivilainishe na kuvipunguzia joto, kisha hurudi bakulini. Ndiyo damu ya injini. Lakini bakuli lenyewe mara nyingi ni la bati jembamba au la aluminiamu, nalo li karibu mno na ardhi. Katika barabara zetu za vumbi, masika huchimba njia mbili za magurudumu na kuacha mgongo wa mawe katikati. Jiwe moja lililochomoza latosha kulipasua. Oili humwagika, taa nyekundu huwaka mbele ya dereva, na asiposimama mara moja na kuizima injini, chuma kitasuguana na chuma kikavu, na baada ya dakika chache injini itakwama.

Kinga yake si jambo la ajabu. Ni bamba la chuma, au la aluminiamu nene, linalofungwa kwa bolti kwenye fremu ya gari, pakiachwa nafasi kati yake na sampu, ili pigo la jiwe lipokewe na bamba. Madereva wa mashindano ya Safari Rally, yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, walifundishwa na njia zetu hizi umuhimu wa bamba hilo. Plastiki nyepesi iliyo chini ya magari mengi madogo huzuia maji na matope, jiwe hailizuii.

Hapa, ndugu zangu, ndipo penye neno la kutuchoma moyo. Wapo miongoni mwetu wenye magari ya abiria na ya mizigo. Tunalipia rangi mpya, tunaandika majina yetu kwenye kioo, lakini fundi akitaja bamba la chini twamwambia asubiri. Siku sampu inapopasuka, twamwita dereva mzembe, na gharama ya injini twaikata katika mshahara wake mwezi baada ya mwezi. Twaijua methali ya ufa na ukuta. Je, ni haki ufa tuuache sisi, na ukuta aujenge mwingine kwa chakula cha watoto wake? Mtume Paulo, alipowaandikia Wakorintho juu ya mwili mmoja wenye viungo vingi, alivitetea vile vinavyodharauliwa. Dereva wetu ni kiungo cha namna hiyo. Tukimtuma katika njia ya mawe, ni wajibu wetu kumpa gari lililokingwa.

Na hasara haiishii kwa dereva. Vijijini, gari moja ndilo linalobeba mahindi asubuhi na mama mwenye uchungu wa kuzaa usiku. Injini ikifa njiani, mama huyo hatauliza bei ya bamba. Atauliza ni nani atakayembeba.

Nasi tulio kwenye usukani tusijidanganye. Bamba si ruhusa ya kukimbia. Bolti hulegea kwa mtikisiko. Matope na kokoto hujaa juu yake. Tena bamba lenyewe laweza kuficha oili inayovuja, isionekane pale gari lilipoegeshwa. Basi kila gari linapofanyiwa matengenezo, bamba lifunguliwe, lioshwe, sampu itazamwe, bolti zikazwe. Na taa ile nyekundu ikiwaka, tusiseme, "Tufike kwanza kijiji kinachofuata." Tusimame hapo hapo. Kuchelewa kwa saa kadhaa ni afadhali kuliko kuwanyima watu gari kwa miezi.

Wapendwa, juma hili kila mwenye gari na ainame, atazame chini yake. Akishainuka, amtazame dereva wake usoni, na kumuuliza kama kuna deni alilobebeshwa ambalo si lake. Likiwapo, lifutwe kabla ya Jumapili ijayo.

Mungu awabariki, na awalinde nyote mlio safarini.