Watoto Wanatuangalia

Mazungumzo na familia zilizohama makwao na viongozi wao

Mlituomba tuseme juu ya fujo za watoto.

Katika kambi tunazotembelea, mchezo unaopendwa sana ni bariere. Watoto wanafunga kamba kati ya vijiti viwili, mmoja anashika mti kama bunduki, na kila anayepita anadaiwa franga. Asiyetoa anapigwa. Hakuna aliyewafundisha mchezo huo. Waliuona njiani siku za kukimbia, wengine wakiwa bado mgongoni mwa mama, wakauweka kichwani.

Mtaalamu mmoja wa mwenendo wa watu, Albert Bandura, mzaliwa wa Kanada aliyefundisha katika chuo kikuu cha Stanford huko Marekani na kufariki mwaka 2021, alichunguza jambo hili miaka mingi. Zamani zile wataalamu wengi walidai kwamba mtu hujifunza kwa zawadi au adhabu anayopata yeye mwenyewe. Bandura alisema kwamba mtu hujifunza hata kwa kutazama tu. Mwaka 1961 yeye na wenzake walichukua watoto 72 wa shule ya wadogo. Watoto 24 walimwona mtu mzima akipiga sanamu ya mpira iliyojaa upepo, akiigonga kwa nyundo na kuitolea maneno makali. Wengine 24 walimwona mtu mzima akicheza kwa utulivu, na 24 hawakuonyeshwa mtu. Baadaye kila mtoto aliingizwa katika chumba chenye sanamu ile pamoja na vitu vingine vya kuchezea. Walioona mapigo walipiga kuliko wengine, na wengi wao kwa namna ileile na kwa maneno yaleyale.

Sisi tunaona jaribio lake la mwaka 1965 linatuhusu zaidi. Watoto walionyeshwa filamu ya mtu anayepiga sanamu. Kundi moja waliona mtu huyo akipewa zawadi, kundi la pili waliona akiadhibiwa, na kundi la tatu hawakuona lolote likimpata. Walioona adhabu waliiga kidogo. Mtu angesema: basi, adhabu imefaa! Lakini watoto wote walipoahidiwa zawadi kama wataonyesha yale waliyoyaona, tofauti kati yao ilikwisha. Kumbe somo lilikuwa limeingia wote, likingojea siku yake.

Viongozi, tunaomba hapo mpashike vizuri. Kijana wa kambi anatazama nani anakula, nani anaogopwa, nani anasalimiwa kwa heshima. Akiona mwenye bunduki hakosi pombe wala simu, na mwalimu anashinda njaa, amekwisha kusoma somo hata kama hajasema neno. Siku atakapokuja mtu kumwahidi dola chache, hatahitaji kufundishwa sana. Kwa hiyo fimbo peke yake haitamzuia. Inambidi aone pia, kwa macho yake, mtu wa aina yake aliyefuata njia nyingine na ikamletea kitu.

Tunasema mtu wa aina yake kwa sababu Bandura alionyesha kwamba mtu hupata imani ya kuweza jambo anapomwona mwenzake, mwenye hali kama yake, akiliweza. Mama aliyepoteza shamba haamini sana maneno yetu sisi tunaokuja na gari. Anamwamini jirani yake wa hema la pili aliyeanza kuuza sombe sokoni pamoja na mama wa kabila lingine.

Watu wamejaribu njia hii kwa redio pia. Nchini Rwanda mchezo wa Musekeweya, ulioanza mwaka 2004, unasimulia vijiji viwili vyenye chuki, na vijana wanaopendana kuvuka mpaka ule. Mchunguzi Elizabeth Levy Paluck alifuatilia vikundi vilivyousikiliza kwa mwaka mmoja. Imani za watu moyoni hazikubadilika sana, lakini mwenendo wao ulibadilika. Walipoachiwa redio ya pamoja, walijadiliana jinsi ya kuitunza wote, na wasikilizaji wa mchezo mwingine, wa afya, walielekea kuikabidhi kwa kiongozi wao. Kwetu huku mashariki ya Kongo matokeo yake aliyoyatoa mwaka 2010 yalikuwa machungu zaidi: mahali ambapo baada ya mchezo kulikuwa na kipindi cha kuhimiza watu wajadiliane, watu walizungumza zaidi, lakini pia walikumbuka zaidi malalamiko yao na kuwavumilia kidogo wale wasiowapenda. Ndiyo maana hatupendi mikutano ya amani ambayo watu wanatoa hasira, wanakunywa soda, wanarudi nyumbani bila kuona mtu akifanya lolote.

Sasa tuangalie robine ya maji. Pale watoto wanaona mambo kila asubuhi: bidoni inapigwa teke, mama anatukanwa kabila, mlinzi anapiga mtu kwa fimbo. Mkimaliza ugomvi ule jioni ndani ya nyumba ya kiongozi, wazee peke yao, mtoto amebaki na teke tu. Msamaha hakuuona. (Mambo ya wamama waliotendewa mabaya ni tofauti kabisa, hayo yabaki faraghani.)

Pendekezo letu kwa kamati ya maji ni hili: kila asubuhi wasimame watu wawili, mmoja wa kambi na mmoja wa kijiji, bila fimbo. Ugomvi ukitokea, wausikilize palepale mbele ya mstari, na aliyekosa aombe radhi akiwa bado ameshika bidoni yake. Tutarudi baada ya majuma matatu, na tutawauliza watoto kwanza wanacheza nini siku hizi. Mzee wa kamati, tunakusikiliza: ni nani wataanza Jumatatu?