Mtoto Akivimba Taya, Usingoje

 

Mtoto akivimba taya na meno yakaanza kulegea, utafanya nini? Wengine husema ni jino bovu. Wengine husema amerogwa. Sikiliza kwanza.

Mwaka 1957, hapa Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt wa Hospitali ya Mulago alimwona mtoto aliyevimba taya pande zote. Alipowachunguza wengine, akatambua kuwa ni ugonjwa mmoja: saratani ya chembe nyeupe za damu, ambayo leo huitwa limfoma ya Burkitt. Vipande vya uvimbe vilipelekwa London kwa ndege. Mwaka 1964 Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong wakaona virusi katika chembe zilizokuzwa kutoka humo.

Virusi hivyo huingiaje mwilini mwa chembe? Fikiria kufuli na ufunguo. Juu ya chembe nyeupe za aina ya B kuna protini iitwayo CD21. Hiyo ndiyo kufuli. Virusi navyo vimevaa protini iitwayo gp350. Huo ndio ufunguo. Maumbo yake yanaoana: yakikutana hushikana, na virusi hupata njia ya kuingia.

Usiogope, msikilizaji. Karibu watu wazima wote wana virusi hivi, vinavyoambukizwa kwa mate, na wengi hawapati saratani kamwe. Lakini malaria ya mara kwa mara huzisumbua chembe hizo za B, na hatari kwa mtoto huongezeka. Kwa hiyo chandarua unachomfunikia usiku kina kazi zaidi ya moja.

Wataalamu nao wamejifunza kutumia kushikana huko. Dawa iitwayo rituximab hushika protini nyingine iliyo juu ya chembe za B, CD20, na kuuonyesha mwili chembe ya kuangamiza.

Hata hivyo, tiba kuu ya limfoma ya Burkitt ni dawa za saratani, nyingi zikipitishwa kwenye mshipa. Si kisu. Taasisi ya Saratani ya Uganda, pale Mulago, ilianza mwaka 1967 kwa kutibu ugonjwa huu. Watoto wengi hupona wakiwahishwa.

Neno ni hilo: kuwahi. Uvimbe huu unaweza kukua maradufu kwa siku chache tu. Ukiona taya limevimba, jicho linatokeza au tumbo linajaa, usimng'oe mtoto meno, usimchanje, usimchome. Mpeleke leo katika kituo cha afya cha kambi. Mweleze mhudumu uvimbe ulianza lini, na uulize kuhusu barua ya rufaa.

Mama, baba, mtoto huyo hakurogwa, wala hukumkosea. Ni ugonjwa, na una tiba. Mwambie na jirani yako. Kwaheri, hadi kipindi kijacho.