Ugonjwa Mdogo Usiokwisha, Usiuzoee

Mazungumzo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti mbele ya wakazi na wahudumu wa afya ya jamii



Mimi si daktari. Kazi yangu ni kuwaletea habari kutoka ofisi za kaunti, na kurudisha maswali yenu kwa wenye majibu. Leo nina jambo moja tu. Wagonjwa wengi wa saratani hufika hospitalini wakiwa wamechelewa, na si kwamba walikuwa wamekaa nyumbani bila dawa. Walikuwa wakitibiwa. Walitibiwa mafua, malaria, vidonda vya tumbo au jino. Miezi ikapita wakitibiwa ugonjwa mdogo, kumbe mkubwa uko nyuma yake.

Mnamkumbuka Bob Collymore, aliyekuwa mkurugenzi mkuu wa Safaricom. Yeye mwenyewe alieleza katika mahojiano ya televisheni kwamba mwaka wa 2017 alianza kujihisi kama mtu mwenye mafua. Kisha mifupa ya miguu ikawa inamuuma, ikadhaniwa ni upungufu wa vitamini D. Alipopimwa Uingereza, ikaonekana ana lukemia, yaani saratani ya damu. Novemba mwaka huo alichukua likizo ya matibabu, akarejea kazini Julai 2018, na akafariki tarehe 1 Julai 2019. Simtaji ili kumlaumu yeyote. Namtaja kwa sababu alikuwa na uwezo wa kumwona daktari yeyote amtakaye, na bado ugonjwa ulimjia umevaa nguo za mafua.

Huku kwetu Bonde la Ufa tunayo saratani ya umio, ile njia inayopeleka chakula kutoka kooni hadi tumboni. Huja polepole. Leo ugali unakwama kifuani, mtu anausukuma kwa maji. Mwezi ujao anahamia uji. Anaambiwa ni asidi, ananunua dawa kwa kemisti, anapata nafuu siku mbili, anarudi kununua nyingine. Namjua mama mmoja ambaye wenzake wa chama walimtania kwamba anapunguza mwili. Alipopimwa kwa kamera, uvimbe ulikuwa umeziba karibu njia yote. Madaktari walimwekea mrija ili aweze kumeza. Alikula ugali na watoto wake kwa miezi michache, kisha tukamzika.

Sasa msiondoke hapa na hofu. Kikohozi kingi si saratani, na kiungulia kingi si saratani. Wengi mtakaopimwa mtaambiwa ni kitu kingine chenye tiba rahisi, na habari hiyo inastahili nauli mliyolipa. Ninachosema ni hiki: mafua huisha, malaria iliyotibiwa huisha. Kisichoisha baada ya wiki mbili au tatu, au kinachoisha na kurudi, kinataka kutazamwa upya.

Kikohozi cha wiki mbili, nenda ukapimwe kifua kikuu. Kipimo hicho na dawa zake ni bure katika vituo vya umma. Ukiambiwa huna kifua kikuu na bado unakohoa, hadithi haijaisha. Rudi, uulize kuhusu picha ya kifua. Mama aliyekoma hedhi kisha akaona damu, asingoje hata wiki. Uvimbe kwenye titi, kidonda kisichopona, damu kwenye choo, kukonda bila sababu, vyote vinataka daktari.

Na watoto je? Mwaka wa 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Mulago, Kampala, alieleza saratani inayovimbisha taya za watoto. Leo inaitwa kwa jina lake, na hupatikana zaidi sehemu zenye malaria nyingi. Meno ya mtoto hulegea, taya huvimba, na mzazi hudhani ni jino bovu. Uvimbe huu hukua kwa siku, si kwa miaka. Lakini ukiwahiwa, mara nyingi husikia dawa vizuri. Jino likishang'olewa na taya bado inavimba, mpeleke mtoto hospitali kubwa.

Mkifika kwa daktari, msione haya kusema: "Daktari, hii ni mara ya tatu nakuja. Dawa nimemaliza na bado naumwa. Kipimo gani kinafuata?" Hilo si kumkosea heshima. Beba daftari lako lile lile la hospitali na pakiti za dawa ulizomeza, kwa sababu kila unapobadilisha kemisti bila daftari, matibabu yanaanza upya.

Siku ya kupokea majibu, usiende peke yako. Neno saratani likishatamkwa, masikio huziba. Aliye nawe asikie na kuandika: ni saratani ya aina gani, imefika wapi, matibabu ni yapi, na yanapatikana wapi. Leo matibabu hayako Nairobi na Eldoret pekee. Nakuru, Mombasa na Garissa pia kuna vituo vya umma vya saratani. Jisajilini SHA kwa *147# na mlipe mchango mkiwa wazima, kwa sababu harambee huchukua wiki nyingi na ugonjwa hausubiri. Na usimfiche mgonjwa ndani kwa aibu. Saratani haiambukizi kwa kukaa pamoja wala kula sahani moja.

Nimalizie kwenu wahudumu wa afya ya jamii, mnaoingia nyumba ambazo daktari hazijui. Mkishauliza habari za chanjo na vyoo, ongezeni swali moja: "Kuna mtu hapa aliyekuwa mgonjwa nilipokuja mara iliyopita, na bado hajapona?" Mkiambiwa yupo, msitoke kabla ya kumwandikia barua ya kwenda hospitali.