Shimo lina mwenyewe



Nimeombwa niseme machache juu ya haki ya mtembea kwa miguu. Wakubwa jambo hili haliwaumi, wao wanapita ndani ya mashangingi. Anayetumbukia kwenye mtaro usio na mfuniko ni mlalahoi. Akivunjika mguu anaambiwa pole, ni bahati mbaya. Bahati mbaya ya nani? Shimo lina mwenyewe!

Tuutazame mji wa New York, Marekani. Zamani aliyeumia kwenye njia mbovu ya miguu aliweza kulishitaki jiji hata kama hakuna aliyekuwa ameliandikia. Jiji likachoka kulipa. Mwaka 1979 ikapitishwa sheria kwamba halitalipa fidia mpaka ithibitike kuwa liliarifiwa kwa maandishi juu ya ubovu ule kabla ya ajali, zikapita siku 15 bila kuutengeneza. Wakubwa wakadhani yamekwisha. Nani ataandika barua kwa kila ufa?

Mawakili wa majeruhi wakajibu. Mwaka 1982 waliunda chombo chao, wakatuma watu mtaa kwa mtaa kutia alama za mashimo na nyufa kwenye ramani, kisha wakazikabidhi kwa jiji. Mahakama zikakubali kwamba ramani hizo ni taarifa ya maandishi. Jiji likakosa pa kujificha! Mwaka 2003 likatafuta mlango mwingine: dhima ikahamishiwa kwa wenye majengo yanayopakana na njia, isipokuwa nyumba za kuishi tu zisizozidi familia tatu ambazo mwenyewe anakaa humo.

Sasa turudi Dar es Salaam. Oktoba 2021 wamachinga waliondolewa pembezoni mwa barabara, na hoja mojawapo ilikuwa kwamba mwenda kwa miguu apate pa kupita. Vema. Basi pawe pa kupita kweli, siyo mashimo!

Hapa kwetu, ukitaka kuishitaki serikali au halmashauri unatoa kwanza notisi ya siku 90, na tangu marekebisho ya mwaka 2020 Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe kwenye kesi. Mlima huo haupandwi kwa maneno matupu. Ukifika mahakamani utaulizwa: nani alijua kwamba shimo lipo?

Kwa hiyo tusingoje mtu aumie. Barabara kuu na za mikoa ni za TANROADS. Nyingi za mitaani ni za TARURA. Piga picha, andika mtaa na tarehe, toa nakala tatu. Moja iache masjala, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa, uitunze. Nakala ya tatu mpe mwenyekiti wa mtaa.

Barua moja haizibi shimo. Lakini siku mama lishe atakapovunjika mguu pale, hakuna afisa atakayethubutu kusema hakujua.