Kanisa la Waumini wa Kawaida

Tukisoma Matendo ya Mitume sura ya 8 twaona kwamba Stefano alipokwisha kuuawa, mitume walibaki Yerusalemu. Waliotawanyika na kulipeleka Neno walikuwa waumini wa kawaida tu.

Ndivyo ilivyo Garissa. Wengi wanaoketi katika makanisa ya huko ni walimu, wauguzi, askari na makarani, watu waliofikishwa na barua ya uhamisho. Wengine hawakuomba kwenda. (Je, sisi tungeomba?) Mwezi Novemba 2014 abiria 28 wa basi waliuawa karibu na Mandera, na walimu wengi wakakataa kurudi kaskazini mashariki. Hatuthubutu kuwalaumu.

Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015, wanafunzi Wakristo wa chuo kikuu cha Garissa walikusanyika darasani kusali, wao kwa wao. Washambulizi waliwakuta hapo. Siku ile waliuawa watu 148, walio wengi wanafunzi. Chuo kilifunguliwa tena Januari 2016. Waliorudi walikuwa wachache, lakini walirudi.

Jumapili hii, tukiisha kuwaombea wachungaji, tuwataje na makarani na wauguzi wanaofungua mlango wa kanisa huko.